Redio kaseti kumi na mbili ukutani: dalili, chanzo na dawa

Kazi yenyewe ni hii: redio kaseti 12 za zamani zimepangwa ukutani ndani ya ghala la katani lisilotumika tena, Tanga, na kila moja inazungusha kipande kifupi cha sauti kisicho na mwanzo wala mwisho. Sauti zimetoka kwenye barua za kaseti ambazo mjomba alikuwa akimtumia bibi kutoka Muscat miaka ya themanini. Mjomba hakuwa mtu wa kuandika. Alibonyeza kitufe, akasalimia nyumba nzima mmoja mmoja, akaulizia mnazi wa uwani, akakohoa, akaendelea. Bibi alimjibu upande wa pili wa kaseti ileile, jogoo wakiwika nyuma yake.

Siku ya kwanza zote 12 zililia. Siku ya tano zilibaki nane, na katika hizo nane moja ilikuwa inaongea kinyumenyume. Haya ni niliyoyapata nikizihangaikia, pamoja na niliyofundishwa na mzee mmoja fundi redio wa Ngamiani ambaye nilimpelekea mashine tatu kwenye kiroba.

Nianze na msimamo wangu, maana ndio unaoamua nini kitengenezwe na nini kiachwe. Si kila kelele ni ugonjwa. Mchirizo wa utepe, mota inayosikika kwa mbali, sauti inayopepesuka kidogo: watu wanakuja kusikia hayo, wangetaka sauti safi wangewasha simu. Mwaka 1944 Halim El-Dabh, mtunzi wa muziki wa Misri, alichukua kinasa sauti cha waya huko Cairo, akarekodi sherehe ya zaar, ambayo ni jamaa wa karibu wa ngoma zetu za pepo, kisha akairudisha studio akaichezea kwa mwangwi mpaka ikawa kitu kingine kabisa. Asingefika popote angekuwa anatafuta usafi. Kwa hiyo mashine ikianza kulalamika najiuliza mawili tu. Je, inazidi kila siku? Je, inaula utepe? Kama yote mawili ni hapana, naiacha ilalamike.

Kabla ya bisibisi

Kaseti ya asili haipandi ukutani. Inakiliwa kwanza kwenye kompyuta, vile vijimeno viwili vya plastiki vya mgongoni vinavunjwa ili mtu asirekodi juu yake, kisha inarudi kwenye boksi lake. Kinachopanda ni nakala. Mimi nilitumia utepe wa kaseti za dakika 60 kwa sababu ni mnene kuliko wa 90. Wa 120 usiuguse kwa kazi ya kuzunguka siku nzima, ni mwembamba mno na unavutika kama bigijii.

Hatua ya kwanza kwa tatizo lolote haihitaji kifaa. Nilipoingia kwa yule mzee na kiroba changu, baada ya shikamoo nilianza kumweleza ugonjwa wa kila mashine. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema, "Mwanangu, umejaribu kaseti nyingine?" Sikuwa nimejaribu. Akatoa moja mfukoni mwa koti, akaitia kwenye mashine ya kwanza, ikalia vizuri. "Hii chukua urudi nayo."

Basi ndivyo inavyofanywa: chukua kaseti yenye shida uitie kwenye mashine nzima, na kaseti nzima uitie kwenye mashine yenye shida. Shida ikihama na kaseti, mgonjwa ni kaseti. Ikibaki pale pale, fungua mashine. Na ukianza kutengeneza, badilisha kitu kimoja, sikiliza, ndipo ubadilishe kingine. Mimi niliwahi kubadilisha adapta, mkanda na kaseti kwa mpigo, mashine ikapona, na mpaka leo sijui iliponywa na nini.

Mota inasikika, utepe umesimama

Karibu kila mara ni mkanda wa mpira unaotoa nguvu kwenye mota kwenda kwenye gurudumu zito. Mkanda wa zamani mara nyingi haukatiki, unayeyuka. Unafungua mgongo wa mashine unakuta lami nyeusi imejipaka kwenye puli na imedondokea kwenye bodi. Tandika gazeti na vaa glavu, maana lami hiyo ikiingia kwenye shati umelipoteza shati. Itoe yote kwa spiriti na vijiti vya pamba, puli baada ya puli, pamoja na mifereji yake. Mkanda mpya ukipita juu ya mabaki ya lami utateleza na utadhani umenunua kibovu.

Kupata saizi, zungusha uzi njia yote ambayo mkanda unapita, upime, kisha punguza kati ya asilimia 5 na 10. Njia ya sentimita 24 inataka mkanda wenye mzingo wa kama sentimita 22. Ukiwa legevu sauti itayumba, ukibana mno mota itachoka na kuanza kupiga kelele. Nilijaribu rababendi za kufungia noti, kama kila mtu anavyojaribu. Zinafanya kazi kama saa moja hivi, huku mjomba akiimba badala ya kuongea.

Mkanda ukiwa mzima na bado hakuna mwendo, zungusha gurudumu kwa kidole. Likiwa zito, grisi ya kiwandani imeganda. Ifute, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye shimo la kapstani, kile kijichuma chembamba kinachosukuma utepe. Tone moja. Mafuta yakifika kwenye mpira umejitengenezea tatizo linalofuata.

Sauti inayumba: hesabu mapigo

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi, na ndipo nilipofurahi zaidi nilipoelewa. Kuyumba kwa sauti kuna mdundo, na mdundo unakutajia jina la mhalifu.

Utepe wa kaseti unatembea sentimita 4.76 kwa sekunde. Kasi hiyo haijabadilika tangu Philips walipotoa kaseti mwaka 1963. Kila kinachozunguka mle ndani kinagusana na utepe huo moja kwa moja au kwa kupitia kingine, kwa hiyo ukijua unene wake unajua kinazunguka mara ngapi. Roli ya mpira inayoubana utepe kwenye kapstani mara nyingi ina kipenyo cha kama milimita 13. Mzingo wake unafika karibu milimita 41, ambazo utepe unazimaliza kwa chini kidogo ya sekunde moja. Kapstani yenyewe ni nyembamba, milimita 2 na kidogo, basi inazunguka kama mara saba kwa sekunde. Kile kitovu cha kaseti kinachokusanya utepe, kikiwa kitupu, kinachukua karibu sekunde moja na nusu kwa mzunguko.

Sasa keti, sikiliza mashine kwenye neno refu au muziki, na ugonge mguu kila sauti inapozama. Mguu ukigonga kidogo zaidi ya mara moja kwa sekunde, ni roli. Itazame: kama ina bonde, au imeng'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, ndio ugonjwa. Mng'ao unatolewa kwa kusugua taratibu na msasa laini kisha spiriti. Bonde halitoki, badilisha roli. Ukisikia mtetemo wa haraka usiohesabika, kama sauti ya mzee mwenye baridi, tazama kapstani. Kwangu mimi nyuzi za katani zilizobaki ghalani miaka yote hiyo zilikuwa zimejiviringa kwenye kapstani mbili, nyembamba kuliko unywele. Nilizitoa kwa koleo la nyusi. Kuyumba kwa polepole kama mawimbi kunatoka kwenye kitovu au kwenye kaseti yenyewe, ambayo imekaza. Kusikokuwa na mdundo kabisa, kunakokuja na kuondoka, ni mkanda uliolegea au betri zinazokata roho.

Bonde la roli nimelijua kwa uchungu, kwa sababu nililitengeneza mwenyewe. Umeme ulipokatika jioni nilifunga ghala nikaenda nyumbani, vitufe vyote vikiwa vimebonyezwa. Roli 12 zilikaa usiku kucha zimebanwa kwenye chuma bila kuzunguka. Asubuhi umeme uliporudi, ukuta mzima ulikuwa unapiga pu, pu, pu. Nyingi zilijirudi zenyewe baada ya saa chache za kuzunguka, tatu hazikurudi. Tangu hapo umeme ukikatika kinachofuata ni kupita mashine kwa mashine na kubonyeza kitufe cha kusimamisha, hata kama ni usiku na unatumia tochi ya simu.

Inakimbia au inajivuta

Mafundi hupima kasi kwa kaseti yenye mlio wa 3,150 Hz. Ukiwa nayo vizuri, lakini anayefanya kazi na vitanzi, yaani vipande vya utepe vilivyoungwa ncha kwa ncha vikazunguka bila kikomo, ana kipimo bure. Kitanzi cha sentimita 23.8 kinapaswa kuzunguka kwa sekunde 5 kamili. Weka alama ya sauti, mgongo wa kisu ukigonga meza kwa mfano, hesabu mizunguko 10 na saa ya simu. Zikipita sekunde 50 uko sawa. Zikipita 54 mashine imechelewa zaidi ya asilimia 7, na sauti imeshuka zaidi ya nusu toni. Mjomba atasikika kama babu yake.

Mota nyingi za redio kaseti zina kitundu nyuma, na ndani yake kuna skrubu ndogo ya kurekebisha kasi. Tumia bisibisi yenye mshiko wa plastiki, izungushe robo ya robo, sikiliza, rudia. Lakini usiguse skrubu hiyo kabla hujakagua mkanda, roli na betri. Kupandisha kasi ya mota ili kufidia mkanda unaoteleza ni kama kumpiga viboko punda mwenye jiwe kwatoni.

Nilipozirekebisha zote 12, tatu nilizipunguza kasi kidogo kidogo kwa makusudi. Vitanzi vya urefu mmoja kwenye mashine zenye kasi moja vinashikana na kuanza kupiga kwata. Nataka salamu za mjomba zipishane, leo "mwambie Mama" ikutane na jogoo, kesho ikutane na kikohozi.

Sauti imefifia kama mtu anaongea chini ya blanketi

Safisha hedi, kile kichwa cha chuma kinachousoma utepe. Usifikiri lingine kabla hujasafisha hedi. Kijiti cha pamba, spiriti isiyo na rangi (yenye rangi huacha utando), futa mpaka pamba itoke nyeupe. Futa na kapstani, na roli pia. Kwenye kazi inayozunguka saa nane kwa siku mimi hufanya hivi kila asubuhi, na kila asubuhi pamba inatoka na rangi ya kahawa. Hiyo rangi ni utepe wenyewe, sumaku yake inang'oka kidogo kidogo. Usishangae kitanzi kikianza kuchujuka baada ya wiki mbili. Kwenye kazi yangu hilo niliamua ni halali, nakirekodi upya pale tu maneno yanapopotea kabisa.

Kama umesafisha na baada ya nusu saa imefifia tena, tazama maungio ya kitanzi. Je, ulitumia selotepu ya dukani? Gundi yake inatambaa kutoka kingoni, joto la Tanga linaisaidia, na kila mzunguko inaacha alama kwenye hedi. Mizunguko ya sekunde 5 ni 720 kwa saa. Kuna selotepu maalumu ya kuungia utepe, gundi yake haitembei. Ukikosa kabisa na unalazimika kutumia ya kawaida, ikate iwe nyembamba kuliko utepe, ibandike upande wa mgongo tu, na ujue unajinunulia siku mbili tatu.

Bado? Fungua kaseti uangalie kile kipande cha sponji au sufi kwenye kibati cha katikati, kinachousukuma utepe kwenye hedi. Gundi yake hukauka, sponji inaanguka, utepe unaelea. Chukua cha kaseti nyingine iliyokufa.

La mwisho ni mlalo wa hedi. Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili, moja ikiwa na springi chini yake. Ukizungusha hiyo yenye springi taratibu huku sauti inalia, kuna mahali ambapo herufi "s" na "sh" zinafunguka ghafla. Simama hapo, tia tone la rangi ya kucha ili skrubu isihame. Kumbuka tu kwamba umeipatanisha mashine na kaseti iliyorekodiwa na mashine nyingine. Ukibadilishana kaseti baadaye, kazi inaanza upya.

Inaongea kinyumenyume, raundi moja ndiyo, raundi moja hapana

Hii ndiyo iliyonitoa jasho. Mashine namba 4 ilimsalimia bibi vizuri kabisa, raundi iliyofuata ikatoa sauti nzito ya chini, ya mtu mwingine, kwa lugha isiyokuwepo duniani. Kisha salamu tena. Mlinzi wa ghala aliniambia wazi kwamba yeye jioni hapiti upande ule.

Sababu ilikuwa mikono yangu. Nilipounganisha kitanzi niliupindua utepe nusu mzunguko bila kuona, kikawa na upande mmoja tu usiokwisha. Raundi ya kwanza hedi inasoma upande wa sumaku. Raundi ya pili utepe umegeuka, hedi inasoma kwa kupitia mgongo wa plastiki, ndiyo maana inafifia, na kinachopita mbele yake ni njia ya upande B, ambayo ilirekodiwa kuelekea upande wa pili. Ndiyo maana ya kinyumenyume. Yule mtu mwingine alikuwa bibi.

Dawa ni kukata maungio, kunyoosha na kuunga tena: upande wenye sumaku utazame nje, kuelekea hedi. Pitisha vidole viwili kitanzi chote kabla ya kufunga skrubu za kaseti. Namba 4 niliikata, nikaitazama, nikaiunga vilevile ilivyokuwa, na nusu mzunguko wake.

Ukisikia kinyumenyume cha mbali mfululizo chini ya sauti ya kawaida, bila kupokezana, hilo ni jambo jingine. Hedi imeshuka au kupanda, na inachungulia njia ya upande wa pili. Njia rahisi ni kurekodi vitanzi kwenye utepe ambao upande wake wa pili ni mtupu.

Inajizima yenyewe

Mashine zenye kujizima hutambua mwisho wa kaseti kwa namna mbili. Nyingine zina kidole kinachohisi utepe ukivutika, nyingine zinaangalia kama kitovu cha kukusanyia kinazunguka. Kitanzi kilichobana kinadanganya za kwanza, na kaseti uliyoitoa vitovu inadanganya za pili. Ongeza milimita mbili tatu za utepe, au rudisha kitovu ndani hata kama hakina kazi. Vikishindikana, kidole chenyewe kinaweza kufungwa kwa uzi. Ila ujue umeondoa ulinzi: utepe ukinasa, hakuna kitakachoisimamisha mashine mpaka iumeze wote.

Mvumo, na zile tuktuktuk

Toa adapta, tia betri. Mvumo ukiisha, chanzo ni umeme wa ukutani. Ukibaki, geuza mashine taratibu kama unayetafuta stesheni, au isogeze mbali na adapta ya jirani yake. Hedi ni sikio la sumaku, na adapta nzito yenye transfoma ikikaa sentimita chache karibu nayo inaimba mle mle.

Adapta za zamani zisizo na udhibiti zinadanganya. Iliyoandikwa volti 6 inaweza kusoma 9 kwenye mita kabla haijabeba mzigo. Tumia zenye udhibiti, na kabla ya kuchomeka soma kile kimchoro karibu na tundu la mashine. Redio nyingi za zamani zina hasi katikati ya plagi, adapta nyingi za leo zina chanya. Nimechoma mashine moja kwa kutosoma, ilitoa harufu ya samaki na kunyamaza milele.

Nilijaribu kulisha mashine sita kwa adapta moja kubwa. Usifanye hivyo kama pia umeziunganisha waya za sauti kwenda kwenye amplifaya moja: kelele za mota zinahamia kila mahali na mvumo wa 50 Hz unazunguka kama mgeni asiyeaga. Mimi nilirudi kwenye spika ya kila redio na adapta ya kila redio. Ekstensheni zimekuwa nyingi ila ukuta umetulia.

Taa za kupunguzwa mwanga huleta mchirizo mkali, badilisha taa. Zile tuktuktuk zinazokuja kwa mafungu na kukatika ni simu za wageni zilizo kwenye mtandao wa 2G. Nilibandika karatasi mlangoni ya kuomba zizimwe, halafu nikaibandua. Mtu akitafutwa na simu yake mbele ya barua ya mjomba, na redio ikasikia kabla yake, sioni kosa liko wapi.

Mikwaruzo na sauti inayopotea

Ukizungusha kitufe cha sauti kikakwaruza, ni poti, kile kifaa cha kupandisha na kushusha sauti kilicho nyuma ya kitufe. Pulizia dawa ya kusafishia viunganishi, zungusha mwanzo hadi mwisho mara 30. Kisichofikiriwa na wengi ni swichi ndefu ya kurekodi iliyo kwenye bodi. Ina miguu mingi, ikiota kutu mashine inapiga mluzi, au inanyamaza, au inatoa sauti iliyopasuka, na utahangaika na spika bure. Pulizia mle, bonyeza na kuachia REC mara nyingi bila kaseti.

Kwenye chumba cha betri, unga mweupe wa betri za alkali unatoka kwa siki. Betri za kawaida za zinki zikivuja ni asidi, hizo safisha kwa magadi yaliyoyeyushwa kidogo. Kisha futa kwa spiriti, sugua vibati kwa msasa.

Kaseti ina vumbi jeupe

Pwani hii hilo ni ukungu, na haliepukiki kwa kaseti zilizokaa kabatini miaka 30. Usiicheze hata mara moja ili tu usikie, maana utaipandikiza kwenye hedi na kutoka hapo kwa kaseti zote nyingine. Itenge kwenye mfuko, ikaushe siku kadhaa kwenye boksi lililofungwa pamoja na vile vipakiti vya silika. Jua ni adui, linapinda ganda. Ikikauka, vaa barakoa, fungua, izungushe kwa mkono ukiupitisha utepe kwenye kitambaa laini, uhamishie kwenye ganda safi lenye skrubu. Maganda yaliyogundishwa hupasuliwa kwa kisu kwenye mshono, kwa subira.

Zote nzima, lakini hakuna kinachosikika

Spika ndogo 12 zikisema pamoja kwenye ghala la bati zinatoa uji. Nilihangaika na poti na spika siku mbili kabla ya kukubali kwamba hakuna kilichoharibika. Nilipunguza sauti zote mpaka mtu alazimike kusogea, nikatia vipande vya ukimya kwenye vitanzi saba, na magunia ya katani ukutani nyuma ya mashine. Uji ukawa mazungumzo.

Sauti imefutika

Wiki ya pili mashine namba 9 haikuwa na mjomba. Badala yake kulikuwa na mngurumo wa ghala zima, unaopanda na kushuka kwa sababu redio hizi hujipangia zenyewe kiwango cha kurekodi, na juu yake sauti ya mtoto: "Hiki kinafanya nini?" Kisha ya mwanamke, karibu sana na maiki: "We! Usiguse!"

Kaseti za vitanzi sikuwa nimezivunja vijimeno, kwa kuwa nilitaka kuzirekodi upya. Mtoto alibonyeza REC, na kila raundi ilifuta iliyotangulia mpaka mama alipofika. Sekunde 5 za mwisho ndizo zilizobaki.

Ukitaka kulizuia hili, vunja vijimeno na uwe unaviziba kwa karatasi pale tu unapotaka kurekodi, au fungua mashine ukizuie kile kitufe chekundu kisibonyezeke. Nimefanya hivyo kwa mashine 11. Nakala ya mjomba kwa namba 9 ninayo kwenye kompyuta, iko tayari, na kila asubuhi nikisafisha hedi namsikia yule mama akipiga kelele.